Faili Linapokataa Kufunguka: Kutambua Kiendelezi, Umbizo na Chanzo cha Tatizo

Anayefika steshenari na flashi mkononi akasema kwamba faili lake halifunguki huwa bado hajaeleza tatizo, kwa kuwa maneno hayo hutumika kwa hitilafu nyingi zinazofanana kwa nje tu. Pengine kompyuta haina programu ya kulifungua faili hilo. Pengine jina lake halilingani na kilichomo. Pengine lilikatika njiani wakati wa kupakuliwa. Na pengine si hati hata kidogo, bali ni programu ya wizi iliyovishwa jina la hati. Kila hitilafu ina tiba yake, na tiba ya moja ikitumiwa kwa nyingine huweza kuharibu kazi ya miezi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na dalili, yaani kile ambacho mtumiaji anakiona kwenye skrini, kisha unarudi nyuma hadi kwenye chanzo.

Jina na kilichomo

Kiendelezi ni herufi zinazofuata nukta ya mwisho katika jina la faili: katika barua.docx kiendelezi ni docx, na katika risiti.pdf ni pdf. Umbizo ni namna data ilivyopangwa ndani ya faili lenyewe. Unapobofya mara mbili, Windows hutazama kiendelezi ili kuamua ni programu gani iitwe, na haihakiki kwanza kama kilichomo kinalingana na jina hilo. Ndiyo maana kubadilisha kiendelezi kwa mkono hakubadilishi umbizo, kama vile kubandika lebo ya sukari kwenye kopo la chumvi kusivyokoleza chai. Anayetaka umbizo jingine hana budi kulifungua faili kwa programu inayolielewa, kisha kulihifadhi upya kwa Save As au Export. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu ushauri wa "badilisha tu jina" umeenea mno, na watu wengi wamekataliwa maombi ya kazi au ya chuo kwa sababu ya picha ya cheti iliyoitwa pdf ilhali ndani yake bado ni jpg.

Mazoea ya viendelezi vya herufi tatu yanatokana na MS-DOS, ambamo jina lilikuwa na herufi zisizozidi 8 na kiendelezi herufi zisizozidi 3. Windows 95 iliruhusu majina marefu, lakini mazoea hayakufutika. Kwa hiyo jpg na jpeg ni umbizo moja, na htm na html, za kurasa za tovuti, vilevile; anayehangaika kubadilisha moja kuwa nyingine hahitaji programu yoyote.

Hatua mbili kabla ya kugusa lolote

Hatua ya kwanza ni kutengeneza nakala ya faili lenye tatizo na kufanya majaribio yote kwenye nakala hiyo. Hatua ya pili ni kuvifanya viendelezi vionekane, kwa kuwa Windows huvificha usipoiagiza vinginevyo. Katika Windows 11, fungua File Explorer, bofya View, kisha Show, kisha File name extensions. Katika Windows 10, kichupo cha View kina kisanduku chenye jina hilohilo. Kwenye Mac, mpangilio huo umo ndani ya Finder, sehemu ya Advanced. Kuficha viendelezi, kwa maoni yangu, ni uamuzi uliowadhuru watumiaji kuliko ulivyowasaidia, na kila kompyuta ya ofisi inapaswa kurekebishwa siku ileile inapotolewa kwenye boksi.

Ukishaona jina kamili, inafaa uone pia kilichomo. Maumbizo mengi huanza na alama maalumu ambayo haibadiliki hata jina likibadilishwa. Fungua nakala kwa Notepad, usome mstari wa kwanza, kisha ufunge bila kuhifadhi. Faili la PDF huanza na %PDF- ikifuatiwa na namba ya toleo, kwa mfano 1.4 au 1.7. Picha ya PNG huwa na herufi PNG baada ya alama moja isiyosomeka; ya GIF huanza na GIF87a au GIF89a; ya JPEG mara nyingi huonyesha neno JFIF au Exif karibu na mwanzo. Faili la ZIP huanza na PK, herufi za kwanza za jina la Phil Katz aliyeliunda umbizo hilo, na programu ya Windows huanza na MZ, ambazo ni za Mark Zbikowski, aliyekuwa mhandisi wa Microsoft. Ukikuta MZ ndani ya kitu kilicholetwa kama barua ya mwaliko, usiendelee. Kwa mafaili makubwa kama video, Notepad italemewa. Kwenye Linux na Mac, amri ya file ikifuatiwa na jina la faili hutoa jibu mara moja.

Windows inauliza itumie programu gani

Dalili hii ina vyanzo viwili ambavyo sharti vitenganishwe: ama faili halina kiendelezi chochote, ama linacho lakini kompyuta haina programu ya kukihudumia.

Mafaili yasiyo na kiendelezi huja zaidi kutoka kwenye simu. Hati iliyotumwa kwa WhatsApp inaweza kuhifadhiwa kwa jina linaloanza na DOC, likifuatiwa na tarehe na herufi WA, bila mkia wowote. Soma mwanzo wake kwa Notepad. Ukiona %PDF-, ongeza .pdf mwishoni mwa jina na tatizo limekwisha. Hapa kubadilisha jina ni halali, kwa sababu unalirudishia faili jina lake la kweli.

Ukiona PK, usikimbilie kusema ni ZIP ya kawaida. Tangu Office 2007, mafaili ya docx, xlsx na pptx ni vifurushi vya ZIP vyenye vipande vya XML (maandishi yenye alama za mpangilio) ndani yake, na faili la apk la Android ni kifurushi cha aina hiyohiyo. Ipe nakala kiendelezi cha .zip, uifungue, na uangalie majina ya folda. Ukikuta faili lenye jina [Content_Types].xml pamoja na folda ya word, hiyo ni hati ya Word. Folda ya xl ni ya Excel na ya ppt ni ya PowerPoint. Ukikuta AndroidManifest.xml, hiyo ni programu ya simu. Njia hii huokoa pia hati za Word zilizojeruhiwa: hata Word ikigoma kuifungua, mara nyingi picha zote hupatikana zikiwa salama ndani ya word/media, na maneno husomeka katika word/document.xml, ingawa yamezungukwa na alama nyingi.

Pale kiendelezi kilipo lakini programu haipo, tiba hutegemea aina ya faili. Kadi za harusi na vipeperushi vingi vya mitaani hutengenezwa kwa Microsoft Publisher, na mafaili yake ya pub hayafunguki kwa Word. LibreOffice Draw hujaribu kuyasoma, na kwa kadi nyepesi hufaulu vizuri, ingawa mapambo yanaweza kusogea. Njia bora ni kumwomba mtengenezaji atoe PDF. Mafaili ya pages yanatoka kwenye Mac au iPhone, na mwenyewe anaweza kuyatoa upya kama docx au PDF akiwa kwenye kifaa chake. Anayepokea winmail.dat kwenye barua pepe hajapokea kirusi: ni kifurushi kinachotengenezwa na Outlook pale mtumaji anapotumia umbizo la Rich Text, nacho huzuiwa kwa mtumaji kubadili barua zake ziwe HTML au maandishi ya kawaida.

Michoro ya dwg ya AutoCAD inastahili neno la ziada, kwa sababu wachora ramani za nyumba hukwama hapa mara kwa mara. Kiendelezi ni kimoja kwa miaka yote, lakini umbizo limebadilika mara nyingi, na programu ya zamani haiwezi kusoma mchoro mpya. Herufi 6 za kwanza ndani ya faili hutaja toleo: AC1015 ni umbizo la AutoCAD 2000, AC1018 ni la 2004, AC1021 la 2007, AC1024 la 2010, AC1027 la 2013 na AC1032 la 2018. Ukishajua namba hiyo, unaweza kumwambia fundi akuhifadhie katika toleo ambalo kompyuta yako inalimudu, badala ya kumrudishia mchoro ukisema umeharibika.

Programu inafunguka, lakini inasema faili limeharibika

Tazama kwanza ukubwa wa faili. Likiwa na KB 0, hakuna kilichoandikwa. Mara nyingi flashi ilichomolewa kabla nakala haijakamilika, na dawa ni kurudi kwenye kompyuta ya mwanzo. Likiwa na kiendelezi cha crdownload, part au download, basi kivinjari hakikumaliza kulipakua: cha kwanza ni cha Chrome na vivinjari vya ukoo wake, cha pili cha Firefox, cha tatu cha Safari. Kulipa jina jipya faili la namna hiyo hakuongezi vipande vilivyokosekana. Lipakue upya.

Chanzo ambacho watu wachache hukishuku ni ukurasa wa tovuti uliojificha ndani ya jina la pdf. Mtumiaji ameingia kwenye mfumo wa maombi, akakaa muda mrefu, kikao chake kikaisha bila yeye kujua, kisha akabofya kitufe cha kupakua barua. Mfumo, badala ya kumpa barua, ukamrudishia ukurasa wa kuingiza nenosiri, na kompyuta ikauhifadhi ukurasa huo kwa jina la barua.pdf. Msomaji wa PDF atasema faili limeharibika, na mtumiaji atalaumu printa, flashi na hata umeme. Lakini ukilifungua kwa Notepad utakuta linaanza na <!DOCTYPE html>, na chini kidogo utaona maneno ya kuomba nenosiri. Ingia upya kwenye mfumo na upakue tena.

Flashi iliyopitia kwenye Mac huleta mkanganyiko mwingine. Kando ya Ripoti.docx utaona ._Ripoti.docx lenye KB 4, ambalo halifunguki kwa vyovyote. Si nakala iliyoharibika: ni faili dogo ambamo Mac imehifadhi taarifa zake za ziada. Liache, ufungue lile lisilo na nukta na kistari mwanzoni. Nimeona watu wakifuta faili sahihi na kubaki na hilo la KB 4, kwa kuwa lilikuwa juu kwenye orodha.

Excel inaonya kwamba umbizo na kiendelezi havilingani

Onyo hili ni la kweli, na Excel inastahili pongezi kwa kulitoa. Mifumo mingi ya mauzo, ya shule na ya uhasibu hutoa ripoti kwa kutengeneza jedwali la HTML na kulipa jina la xls ili lifunguke kwa Excel. Ikiwa ripoti imetoka kwenye mfumo unaouamini, kubali lifunguke, kisha ulihifadhi mara moja kama xlsx. Ikiwa limekuja kwa barua pepe kutoka kwa mtu usiyemjua, lisome kwa Notepad kwanza.

Tatizo kubwa zaidi katika eneo hili mara nyingi halitoi onyo lolote, nalo ni la mafaili ya csv. Faili la csv ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato. Halibebi taarifa yoyote kuhusu aina ya data, kwa hiyo Excel inapolifungua kwa kubofya mara mbili hulazimika kukisia. Namba ya simu inayoanza na 0712 huonekana kwake kuwa hesabu, na sifuri ya mbele huondolewa. Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, yenye tarakimu 20, huathirika vibaya zaidi: Excel hutunza tarakimu 15 tu za hesabu yoyote, kwa hiyo huionyesha kwa ufupisho wenye herufi E katikati, na tarakimu 5 za mwisho hugeuzwa sifuri. Mtu akibofya Save baada ya hapo, namba halisi zimepotea kabisa ndani ya faili hilo, na orodha ya wanachama wa SACCOS au ya wafanyakazi haina thamani tena.

Ukigundua hali hii kabla ya kuhifadhi, funga Excel bila kuhifadhi, kisha ufungue csv hiyo kwa Notepad. Utakuta sifuri zote zipo na tarakimu 20 zimekamilika. Baada ya hapo fungua kitabu kitupu cha Excel, nenda Data, chagua From Text/CSV, na kabla ya kupakia bofya Transform Data ubadilishe safu za simu na vitambulisho ziwe Text. Kazi hii huchukua dakika chache. Kurudia kukusanya namba za watu mia nne kwa kuwapigia simu mmoja mmoja huchukua wiki, na simu zenyewe utazipata wapi ikiwa ndizo zilizoharibika?

Dalili nyingine ya csv ni data yote kujazana kwenye safu moja. Kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi Burundi na Kongo, hutumia mkato kwa desimali, hivyo hutenganisha safu kwa nukta-mkato. Faili lake likifunguliwa kwenye kompyuta ya Dar es Salaam au Nairobi iliyopangwa kwa Kiingereza, Excel haitambui kitenganishi hicho. Njia ileile ya From Text/CSV hukuruhusu kuchagua kitenganishi sahihi.

Na wapo wanaopoteza mistari mizima. Umbizo la zamani la xls lina mwisho wa mistari 65,536 na safu 256, wakati xlsx hufikia mistari 1,048,576 na safu 16,384. Anayehifadhi orodha ndefu kama xls hukatwa mkia wake. Uingereza ililipia kosa hili mwaka 2020: matokeo ya vipimo vya korona yaliyoletwa kama csv yalipakiwa kwenye mafaili ya xls, mistari ikazidi kikomo, na wagonjwa 15,841 wakaachwa nje ya takwimu za kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba. Waliokuwa wamekaa karibu na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa. Sioni sababu ya ofisi yoyote kuendelea kuhifadhi kazi mpya kama xls.

Hati inafunguka, lakini mpangilio umevurugika

Hapa umbizo ni sahihi; kinachokosekana ni fonti, au programu ni tofauti. Hati ya docx kwa kawaida hutaja majina ya fonti bila kuzibeba, hivyo kompyuta ya steshenari isiyo nazo huweka nyingine, na ukurasa mmoja unageuka miwili. Kazi iliyokamilika itolewe kama PDF kabla ya kutoka nyumbani. PDF ilizinduliwa na Adobe mwaka 1993 kwa kusudi hilohilo, na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa kisichohitaji programu ya kampuni moja.

Picha inakataliwa

Picha za iPhone huja kama heic kwa sababu tangu iOS 11, ya mwaka 2017, Apple ilichagua umbizo hilo ili kupunguza nafasi. Kwenye simu yenyewe, nenda Settings, kisha Camera, kisha Formats, uchague Most Compatible, na picha zitakazopigwa baadaye zitakuwa jpg. Zile za zamani zinaweza kufunguliwa kwenye Windows baada ya kuweka HEIF Image Extensions kutoka Microsoft Store, na wakati mwingine HEVC Video Extensions pia. Picha za webp, umbizo lililotolewa na Google mwaka 2010, hupatikana unapohifadhi picha kutoka kwenye tovuti; zifungue kwa Paint na uzihifadhi kama png au jpg.

Mfumo unaodai PDF hauridhiki na jina, bali hukagua kilichomo. Ili kugeuza picha ya cheti kuwa PDF halisi, ifungue kwenye Windows, bofya Print, na mahali pa printa uchague Microsoft Print to PDF. Kwenye simu ya Android, Print ina chaguo la Save as PDF. Hakuna haja ya kupakia cheti chako cha kuzaliwa kwenye tovuti usiyoijua ili tu kibadilishwe umbizo, na nawasihi wenye steshenari waache kuwafanyia wateja hivyo.

Wanaotengeneza tovuti hukutana na dalili tofauti: picha zinaonekana vizuri kwenye kompyuta yao, kisha zinatoweka zikishapandishwa kwenye seva. Windows haitofautishi nembo.JPG na nembo.jpg, lakini seva za Linux huyahesabu kuwa mafaili mawili. Andika majina yote kwa herufi ndogo.

Video ina sauti bila picha, au picha bila sauti

Viendelezi vya mp4, mkv na avi hutaja chombo tu. Ndani yake picha na sauti vimebanwa kwa mbinu ambazo jina la faili halizitaji. Mp4 mbili zinaweza kuwa moja imebanwa kwa H.264, inayochezwa na karibu kila kifaa, na nyingine kwa H.265, inayoshinda kompyuta na televisheni nyingi za zamani. Vivyo hivyo, baadhi ya televisheni husoma mkv kutoka kwenye flashi bila kutoa sauti, kwa kuwa sauti yake imebanwa kwa mbinu ya DTS. Kwenye kompyuta, VLC hucheza karibu zote. Kwa televisheni, tumia HandBrake kuibana upya kwa H.264 na sauti ya AAC. Kubadilisha mkv kuwa mp4 kwa jina hakutasaidia.

Folda za kwenye flashi zimegeuka njia za mkato

Hii ni kazi ya kirusi cha flashi, na bado inazunguka kwenye maabara za shule na steshenari. Folda halisi zimefichwa kwa kupewa sifa za mfumo, na mahali pake pamewekwa mafaili ya lnk yenye majina na alama zilezile. Kumbuka kwamba Windows huficha kiendelezi cha lnk hata baada ya kuagizwa ionyeshe vyote, kwa hiyo utakigundua kwenye safu ya Type, inayosema Shortcut. Usibofye mara mbili. Bofya kitufe cha kulia, chagua Properties, usome sehemu ya Target: badala ya njia ya folda utaona ikiita cmd.exe, wscript.exe au rundll32.exe, na hapo ndipo kila ubofyaji unapokiamsha kirusi.

Chunguza flashi kwa Microsoft Defender kwanza. Kisha fungua Command Prompt na, ikiwa flashi ni E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitajitokeza. Wakati mwingine zote huwa zimewekwa ndani ya folda moja isiyo na jina. Nakili kazi zako pekee kwenda kwenye kompyuta safi, uache kila lnk, vbs, js na exe usiyoitambua, kisha uifomati flashi. Kuifomati kabla ya hatua hizo, kama wengi wanavyoshauriwa, ni kufuta kazi ambazo hazikuwa zimepotea.

Jina lina viendelezi viwili

Windows huangalia kiendelezi cha mwisho pekee. Mwezi Mei mwaka 2000, kirusi kilichoanzia Ufilipino kilisambaa duniani kwa kiambatisho kilichoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs; kwa kuwa viendelezi vilifichwa, wapokeaji waliona TXT tu. Mbinu hiyo haijafa. Kuna hata alama isiyoonekana, iliyokusudiwa kwa maandishi ya Kiarabu na Kiebrania, inayogeuza mwelekeo wa herufi, hivyo jina linaloishia fdp.exe huonekana kuishia exe.pdf. Safu ya Type haidanganyiki: itasema Application.

Kwenye simu, mtego wa sasa ni apk. Indonesia ilikumbwa na wimbi la mialiko ya harusi iliyotumwa kwa WhatsApp kama apk mwaka 2023; aliyeisakinisha alimpa mwizi uwezo wa kusoma ujumbe wa benki. Kwa mtu anayetunza fedha zake kwenye simu, hatari hiyo ni ileile. Kadi ya harusi huja kama picha, PDF au video, na simu ikikuuliza kama unaruhusu kusakinisha programu kutoka chanzo kisichojulikana, jibu ni hapana, hata kama mtumaji ni shangazi yako, kwa sababu huenda akaunti yake ndiyo iliyotekwa.

Mafaili yote yameongezewa kiendelezi kigeni

Ukikuta barua.docx imekuwa barua.docx ikifuatiwa na herufi usizozijua, na hali ni hiyohiyo kwa kila picha na hati, huku kukiwa na ujumbe wa kudai malipo, mafaili yamefungwa kwa msimbo na kirusi cha utekaji. WannaCry ya Mei 2017, kwa mfano, iliongeza WNCRY. Kuondoa mkia huo hakurejeshi chochote, kwa kuwa data yenyewe ndani imegeuzwa.

Ondoa kompyuta kwenye mtandao mara moja na uchomoe diski zote za nje. Andika kiendelezi hicho kwa usahihi, uhifadhi ujumbe wa watekaji, kisha kwa kompyuta nyingine utembelee nomoreransom.org, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama wa kompyuta. Hapo unaweza kupakia mafaili mawili yaliyofungwa, na ukaelezwa kama funguo za kirusi hicho zinapatikana bure. Zikiwa bado hazijapatikana, nakili mafaili yaliyofungwa kwenye diski ya nje na uyahifadhi kabla ya kusakinisha Windows upya, kwa sababu funguo za baadhi ya virusi hivyo zimetolewa miaka kadhaa baada ya shambulio.